Kwa nini mwigizaji akilia jukwaani sisi tunacheka? Wajuzi wa sanaa mje hapa

#1 Mwana Igoma (mwenye uzi)
Salaam wakuu.

Jumamosi nilikwenda kuangalia igizo kwenye ukumbi wa parokia moja huku kwetu Igoma, Mwanza. Habari yenyewe ni ya kwetu kabisa: mama muuza dagaa, mwanawe kaenda ziwani usiku na mtumbwi wa tajiri, asubuhi mtumbwi unaletwa pwani bila yeye. Yule dada aliyeigiza mama alilia hasa, si kilio cha kupaka mate machoni. Kamasi zinatoka, kanga inadondoka begani, sauti inakatika katikati ya jina la mtoto. Ukumbi ukaangua kicheko. Huko nyuma kijana mmoja akapaza sauti: "Mama, tajiri anauliza nyavu zake ziko wapi!" Kicheko kikaongezeka. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa anajifuta machozi huku mabega yakimtikisika kwa kucheka.

Mwisho mwongozaji alisimama akatusema. Eti hatuna utu, hatujui kuangalia tamthiliya, tumeharibiwa na vichekesho vya kwenye simu. Kaka niliyekwenda naye anasema kinyume: yule kijana wa nyuma ndiye pekee aliyelielewa igizo, maana habari nzima ni ya tajiri na nyavu zake, na waliokuwa wanalia walishamsahau tajiri.

Sasa mtazamaji mzuri ni yupi? Anayelia pamoja na mwigizaji, au anayejiweka kando akapima mambo? Na kicheko chetu kile tukiweke wapi?

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa. Wajuzi miminikeni.

#3 Sato Choma
Mkuu jibu ni rahisi, igizo bovu. Mtu akiigiza vibaya watu wanacheka, duniani kote. Kwenye msiba wa kweli umeona nani anacheka? Na hizo kumbi zetu nazijua, spika ikipiga mluzi katikati ya kilio hata padre anacheka.

#4 Mwana Igoma
Spika haikuwepo, na dada hakuwa mbovu. Soma tena.

#5 Mwalimu Mstaafu
Asante kwa uzi, kijana. Nimefundisha fasihi miaka mingi, ngoja niweke msingi kidogo.

Ugomvi huu ni wa kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwaogopa washairi kwa sababu wanalisha hisia na kuinyima akili chakula. Aristotle akamjibu kwamba tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, inatutia huruma na woga, na kwa njia hiyo inatusafisha hisia hizo hizo. Kwa hiyo kwa Aristotle aliyelia amepata alichokuja kutafuta.

Karne ya 20 akaja Bertolt Brecht, mtunzi wa tamthilia Mjerumani aliyezaliwa Augsburg mwaka 1898. Yeye alisema mtazamaji akizama kwenye machozi ya mhusika anatoka ukumbini akiamini mambo hayawezi kubadilika. Akatafuta mbinu za kumzindua: mabango yanayotaja mapema kitakachotokea, nyimbo zinazokatiza habari, taa zikiachwa zionekane, mwigizaji akionyesha kwamba anaigiza. Hakutaka uangalie ili ujue nani atakufa, alitaka uangalie kwa nini anakufa. Tamthilia yake ya Mama Courage, mwanamke anayefanya biashara na gari lake la kukokota vitani huku vita hivyo vikimlia watoto wake mmoja baada ya mwingine, ilionyeshwa kwanza Berlin mwaka 1949. Nia ilikuwa watu wamkasirikie kwa kutojifunza chochote.

Mwandishi wetu Ebrahim Hussein aliyapata mawazo haya masomoni Berlin Mashariki, ndipo akaandika Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji. Kwa mtazamo huo, kijana wa nyuma ni mwanafunzi wa Brecht asiyejijua.

#6 Msomaji Mkaidi
Shikamoo Mwalimu. Masahihisho mawili kwa heshima zote.

Onyesho la kwanza la Mama Courage lilikuwa Zürich, Uswisi, Aprili 1941, Brecht mwenyewe akiwa uhamishoni Finland. Berlin 1949 ni onyesho alilolisimamia mwenyewe na mkewe Helene Weigel akimwigiza mama. Hapa katikati ndipo penye utamu. Habari za Zürich zilimfikia kwamba watu wamemwona Courage kama mama mwenye uchungu mkuu usioshindwa na kitu, wakamlilia. Akaudhika, akaandika upya baadhi ya sehemu. Pale mwanawe mkubwa anapochukuliwa jeshini, toleo jipya linamweka mama akipatana bei ya bizimu ya mkanda. Pale majeruhi wanapohitaji mashati yachanwe yafungie vidonda, sasa anakataa kuyatoa, maana ni bidhaa. Alimfanya awe mgumu makusudi.

Berlin wakalia vile vile. Weigel alipopata habari ya kuuawa mwanawe wa pili alifungua kinywa kama anayepiga yowe, sauti haikutoka. Picha za tukio hilo zipo. Ukiiona picha tu roho inashtuka, sasa aliyekuwa ukumbini?

La pili, Kinjeketile ilitoka 1969. Tasnifu ya Hussein ya Berlin kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki ni ya 1975. Mpangilio wako umegeuka.

#7 Kiti cha Mbele
Mwalimu kapewa masahihisho na mwanafunzi 😂 uzi umeiva.

#8 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Tarehe nimezichukua. Hoja yangu kuhusu Kinjeketile ipo pale pale: mtazamaji wa Kitanzania anaingia akijua kwamba maji hayatazuia risasi. Hakuna anayekaa roho juu akingoja mwisho. Anabaki na kazi ya kuuliza watu wenye akili zao waliaminije. Huo umbali wa kujiweka kando umetengenezwa na historia kabla pazia halijafunguliwa.

#9 Mtu wa Pwani
Huku Tanga mwigizaji akilia tunalia. Ninyi Wasukuma mnacheka kwa sababu habari inawafikia kwa kuchelewa, mnapocheka ni mzaha wa onyesho lililopita.

#10 Bagika Damu
Mtu wa Pwani usituletee, ninyi mnalia hata taarabu ikiwa ya kumtukana jirani.

Wakuu mnahangaika na Wajerumani wakati hapa nyumbani kuna jibu. Nendeni Bujora, Kisesa, kwenye sherehe za ngoma za Bulabo mwezi wa Juni. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna majaji wenye karatasi. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Huku mtu kavaa chatu shingoni, kule mwenzake katokea na mwanasesere wa mbao anayemchezesha kwa kamba. Watu wanakimbia kutoka kundi hili kwenda lile, na ukisimama katikati utakanyagwa.

Sasa niambieni yule mtazamaji amezama au yuko kando? Anapiga kelele, jasho linamtoka, ana upande wake tangu kwa babu yake. Na bado miguu yake inatoa hukumu kila dakika. Kundi likilegea kidogo tu anahama, hata kama ni la ukoo wake. Sisi tumelelewa hivyo. Ukitufungia ukumbini tukae kwenye viti, miguu imenyimwa kazi, lazima mdomo uifanye.

#11 Msomaji Mkaidi
Bagika Damu, umegusa penyewe bila kukusudia. Brecht mwaka 1926 aliandika akiwasifu watazamaji wa michezo, wale wa kwenye ngumi. Alisema kule wanajua walichokuja kuona na wanakipima kwa utaalamu, tena wanafurahi. Aliwatamani hao ukumbini mwake, hata wavute sigara. Hakuwahi kutaka watu wakavu kama karani wa benki. Wengi wanamsingizia kwamba alipiga marufuku hisia, yeye alichokikataa ni mtazamaji kumezwa na mhusika.

#12 Bagika Damu
Sikukusudia? Babu yangu alicheza ngoma miaka yake yote. Nimekusudia kila neno.

#13 Mama Nansio
Habari zenu wanangu. Mimi nasoma tu siku zote lakini hapa nimeguswa.

Sisi Ukerewe tulipata lile la kuzama kivuko cha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, pale karibu kabisa na Ukara. Hakuna nyumba ambayo haikuguswa, kama si ndugu ni jirani. Baadaye kikaja kikundi cha vijana na igizo la kuelimisha kuhusu kujaza watu kupita kiasi kwenye vyombo. Nia njema kabisa. Walitandika turubai la buluu kuwa ndiyo ziwa. Walipoanza kuanguka juu ya lile turubai, hakuna aliyelia na hakuna aliyecheka. Watu walianza kuinuka mmoja mmoja wakaenda zao. Mzee mmoja akawafuata wale vijana akawaambia, "Wajukuu zangu, hii tunaijua. Tuonyesheni aliyekuwa anakata tiketi."

Kwa hiyo mnaposema kulia au kucheka, kuna la tatu, kuondoka.

#14 Sato Choma
Pole sana mama. Mimi meli ya MV Bukoba ilipozama 1994 nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mji ulivyonyamaza.

#15 Baharia Kayenze
1996, kijana. Tarehe 21 Mei. Ile siku hatukosei sisi wa ziwani.

#16 Msomaji Mkaidi
Mama Nansio shikamoo na pole. Wagiriki lilishawakuta hilo. Mji wa Mileto, uliokuwa na udugu na Athene, ulitekwa na Waajemi mwaka 494 kabla ya Kristo. Mtunzi Phrynichus akautungia tanzia. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba ukumbi mzima uliangua kilio, na Waathene wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, wakapiga marufuku tamthilia hiyo isionyeshwe tena. Na hao ndio wale wale Aristotle anaowaeleza baadaye kwamba machozi yanawasafisha.

Kuna mwanazuoni wa Uingereza, Edward Bullough, aliandika mwaka 1912 kuhusu umbali wa kinafsi. Alisema sanaa inataka umbali uwe mdogo kadiri iwezekanavyo, lakini usipotee. Mume mwenye wivu anapoangalia Othello, tamthilia ya Shakespeare kuhusu wivu, anaacha kumwona Othello, anamwona mke wake. Mfano wake mwingine ni ukungu majini: abiria wote wana hofu, lakini ukiweza kuisahau hatari kwa muda, ukungu huo huo unakuwa kitu cha uzuri wa ajabu.

#17 Baharia Kayenze
Huyo Bullough alikuwa abiria. Mwambie aje Kayenze saa kumi alfajiri ukungu umeshuka, injini imezima, na unasikia meli inakuja usijue inatokea wapi. Aniambie uzuri.

#18 Kiti cha Mbele
😂😂😂 Bullough kapatikana.

#19 Msomaji Mkaidi
Baharia, ndiyo maana yake hasa! Wewe umbali wako ni sifuri.

#20 Baharia Kayenze
Umbali wangu ni wa mita mbili kutoka kwenye meli.

#21 Mzee wa Kwimba
Nimesoma toka juu. Sato Choma aliuliza kwenye msiba wa kweli nani anacheka. Kijana, hujazika? Watani wanacheka. Mtani anakuja msibani kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anamdai mjane chai aliyoahidiwa na marehemu. Anakaa kaburini anakataa jeneza lisishuke mpaka apewe kitu kidogo. Wafiwa wanalia na kucheka kwa pumzi moja na hakuna anayesema mtani hana utu. Ameletwa pale na utaratibu ili wafiwa wasizame.

Mimi nikisoma habari ya yule kijana wa nyuma namwona mtani tu. Mwongozaji ameleta msiba ukumbini bila watani, watani wakajileta wenyewe.

#22 Mwana Igoma
Mzee wa Kwimba, wabeja sana (asante sana). Hii sikuwa nimeifikiria kabisa.

#23 Mwalimu Mstaafu
Nzuri, lakini tusiharakishe. Mtani msibani anajulikana kwa jina na ukoo, na mzaha wake una mipaka. Kicheko cha ukumbini hakina mwenyewe. Nimeona wanafunzi wakicheka mwenzao anapoigiza aliyebakwa. Hapo hapakuwa na utani wala Brecht, palikuwa na aibu. Kijana hajui auweke wapi uso wake, anacheka.

#24 Dada Butimba
Mimi ni mwigizaji, niliwahi kusomea sanaa za maonyesho. Niseme upande wa jukwaani maana hamjatuuliza.

Kwanza, anayeliza watu mara nyingi halii. Nikilia kilio cha kweli koo linafunga, safu ya nyuma hawasikii neno. Kwa hiyo pale ninapoonekana nimevunjika, mimi nahesabu hatua mpaka kwenye mkeka, nabana pumzi chini ya kitovu, na naangalia mwenzangu asisimame mbele ya taa. Diderot, Mfaransa, aliandika kitabu kizima cha kudai kwamba mwigizaji mkubwa ana kichwa baridi. Kilichapishwa mwaka 1830, yeye ameshakufa zamani. Sikubaliani naye kwa kila kitu, ila kuhusu koo yuko sahihi. Huyo dada wa Igoma kama kamasi zilikuwa za kweli, na sauti ilikatika kweli, inawezekana ukumbi ulihisi kwamba mambo yamemponyoka. Watazamaji wakishaanza kumhofia mwigizaji, mhusika wanamsahau. Hofu hiyo hutoka kama kicheko.

Pili, kuna kutunzwa. Niliwahi kulia jukwaani juu ya maiti ya mume, baba mmoja akainuka, akapanda taratibu, akanipachika noti ya elfu mbili kwenye kilemba, akarudi kukaa. Sikuacha kulia, ila noti niliishika isianguke. Haya, wajuzi, yule baba alizama au alikuwa kando? Alimpa pole mjane au alimlipa mwigizaji?

#25 Sato Choma
Dada hiyo elfu mbili marehemu alipata mgawo?

#26 Bagika Damu
Alikupa vyote viwili kwa noti moja. Ndiyo Uswahilini na ndiyo Usukumani.

#27 Daktari wa Mtaa
Naongeza kisayansi. Ubongo una seli zinazoitwa neroni za kioo, ukimwona mtu analia nazo zinalia. Imethibitishwa Italia. Kwa hiyo huruma ni ya lazima kimaumbile, anayecheka anajizuia tu.

#28 Msomaji Mkaidi
Polepole, mkuu. Seli hizo ziligunduliwa Parma miaka ya 1990 kwenye ubongo wa nyani, zikifanya kazi wanapomwona mwingine akishika kitu. Safari ya kutoka kushika karanga mpaka kulia na mama muuza dagaa ni ndefu, na wanasayansi wenyewe wanabishana. Isitoshe, wanasaikolojia wanatofautisha kuhisi anachohisi mwenzako na kuelewa anachohisi. Kijana wa nyuma anaweza kuwa na la pili tele bila la kwanza.

#29 Mama Nansio
Matapeli nao wanaelewa sana unachohisi.

#30 Mwalimu Mstaafu
Mama amesema. Naye mwanafalsafa Rousseau mwaka 1758 alikuwa na neno kali upande wa pili: mtu akishalia kwa mateso ya kutunga anajiona ameshatimiza wajibu wake wa utu, anatoka mlangoni anampita ombaomba. Machozi ya bei nafuu.

#31 Mzee wa Kwimba
Kwenye hilo la wajibu nina la kusema. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya mradi wa sanaa kwa maendeleo kule Malya, kwetu Kwimba. Hawakuja na igizo mfukoni. Walikaa na wanakijiji, wakajadili shida zao, shida iliyotajwa ikawa mimba za wasichana. Ngoma na maigizo yakatengenezwa na wenyewe, kisha majadiliano. Pale aliyecheka aliulizwa unacheka nini, na aliyelia aliulizwa sasa tufanyeje.

#32 Msomaji Mkaidi
Huo una undugu na kazi ya Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia Mbrazili. Anasimulia kisa cha Peru: walikuwa wanaigiza mke aliyedanganywa na mumewe, wakawauliza watazamaji afanye nini. Mama mmoja mnene hakuridhika na jinsi mwigizaji alivyotekeleza ushauri wake. Akaambiwa basi panda wewe. Akapanda, akachukua ufagio, akamtandika yule mwigizaji wa mume, halafu akamwambia akamletee chakula. Toka hapo Boal akaona mtazamaji hapaswi kukaa tu.

#33 Dada Butimba
Na huyo mwigizaji wa mume alitunzwa? Sisi ndio tunapigwa fagio kwa ajili ya nadharia.

Halafu mama wa ufagio alikuwa amezama kuliko wote ukumbini. Hasira yake ndiyo iliyompandisha jukwaani. Msije mkasema ni umbali.

#34 Kiti cha Mbele
Hapo Mkaidi ajibu.

#35 Msomaji Mkaidi
Alizama, lakini hakukubali mwisho aliopewa. Mimi naona hayo ni mambo mawili.

#36 Dada Butimba
Mimi naona ni moja. Mwana Igoma, nikuulize: kwenye hilo igizo, tajiri alitokea jukwaani hata mara moja?

#37 Mwana Igoma
Hapana. Anatajwa tu. "Tajiri kasema", "tajiri kaagiza". Hata kwenye msiba hakuja, alituma sukari.

#38 Dada Butimba
Basi kijana wa nyuma alikuwa anamwita aje. Mngeona kama wangecheka akija.

#39 Sato Choma
Nani atakubali kumwigiza tajiri huko Igoma? Kwenye bango wadhamini walikuwa akina nani?

#40 Mwana Igoma
Wawili. Mmoja ana duka la nyavu Mwaloni.

#41 Sato Choma
Naam. Sasa tunajua mwongozaji alitaka tulie tu kwa nini.

#42 Baharia Kayenze
Msiwe wepesi. Mimi tajiri wangu alilipa jeneza la mwenzetu, akalisha msiba mzima, na mtoto wa marehemu bado anamsomesha. Nyavu pia alizidai, ni kweli, maana alizikopa. Mkimweka jukwaani mwekeni na hayo yote, mwone kama mtajua wakati wa kucheka.